Yai Moja, Vikombe Viwili

Tegueni hiki kwanza: nyumba yangu ina wafagiaji wawili, hawalali, hawaombi likizo, na wakiugua hawasemi. Mkishindwa nipeni mji. Jibu ni figo.

Kitendawili hicho nilimtungia mwanangu wa kwanza, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mtaalamu. Kazi yake ni kutoa elimu ya figo kwenye kituo cha afya, kila Jumanne, pale kwenye mabenchi ya wanaosubiri daktari. Zamani alikuwa akianza somo kwa maneno mazito, watu wakasinzia midomo wazi. Nilipompa wafagiaji wangu, wakaamka. Hakunishukuru, lakini anawatumia mpaka leo.

Somo lilikuwa na vikombe viwili vya plastiki. Chenye kifuniko cheupe kilikuwa na mkojo wake mwenyewe, "wa mtu mwenye afya zake." Chenye kifuniko chekundu kilikuwa cha mgonjwa, ila mgonjwa hakuwepo: ni maji niliyoyakoroga na ute wa yai. Kijiti cha kupimia kikigusa ute huo hugeuka kutoka njano kwenda kijani, kama kinavyogeuka figo zikivujisha protini. Mkorogaji nilikuwa mimi. Kiini nilimkaangia Mtaalamu, akakishushia na vidonge vyake viwili vya kichwa. Kichwa kilikuwa kinamuuma kila siku, na jioni viatu vilimbana. Alisema viatu vya siku hizi havina ubora.

Jumanne moja akachovya kijiti kwenye chekundu: kijani. Akachovya kingine kwenye cheupe: kijani vilevile.

Benchi la mbele alikaa fundi cherehani, mwanamke asiyepitwa na uzi uliolegea. "Mtaalamu, mbona na mzima naye anaumwa?"

Mwanangu akacheka. "Mama yangu huyo. Uzee. Ameweka yai kotekote."

Mabenchi yakacheka. Na mimi nikacheka, sikutaka kumwaibisha mbele za watu. Lakini nilivunja yai moja tu, na cheupe sikukigusa. Hicho hukijaza mwenyewe, chooni, mlango umefungwa.

Nyumbani nikamwambia, "Baba, kapimwe."

"Nani, mimi? Mama, mimi ndiye ninayewaambia watu wapimwe."

"Basi mwambie na huyo mmoja aliyebaki."

"Nina kazi. Wewe osha vikombe vizuri."

Nikaviosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka vidole vikakunjamana. Jumanne iliyofuata nikajaza kile chekundu maji matupu ya bomba. Yai nikaliacha kwenye trei.

"Leo, ndugu zangu, mama amekuwa makini," akaanza, akachovya. Kijiti cha kikombe chekundu kikabaki njano. Cha kikombe cheupe kikawa kijani kama majani ya masika.

"Amebadilisha vifuniko," akasema, huku anatazama pembeni.

Nikasimama. Magoti yalilia kabla sijafungua mdomo. "Sikubadilisha kitu. Leo hakuna yai. Hicho chekundu ni maji ya bomba, anayetaka aje anuse. Cheupe ni chako, baba."

Mtaalamu akafunika vikombe. "Tutaendelea wiki ijayo, leo nina kazi nyingi. Kwanza mimi sina dalili yoyote."

"Wafagiaji wakiugua hawasemi," akasema fundi cherehani.

"Wenye kazi nyingi ndio wanaofika wamechelewa," akadakia babu mwenye fimbo. "Ulituambia wewe mwenyewe, wiki ya juzi."

"Na hivyo vidonge vya maumivu vilivyo mfukoni mwako?" akauliza mama mmoja wa nyuma. "Mimi ulinikataza, ukasema vinaumiza figo. Nikavitupa vyote."

Alikuwa amewafundisha vizuri mno. Kila mlango aliotaka kutokea, alikuta ameufunga mwenyewe. Muuguzi akaja na mashine ya presha, akamkalisha benchini, katikati ya fundi na babu mwenye fimbo. Akapima, akapima tena. Siku hiyohiyo Mtaalamu akatolewa damu, na mkojo ukarudiwa. Majibu yakasema figo zimeanza kuchoka, ila zimewahiwa. Akapewa dawa ya presha, akaambiwa apunguze chumvi, na vidonge vya kichwa vikapigwa marufuku.

Sasa kichwa kimetulia. Viatu ni vilevile, lakini vimepata ubora.

Na kila Jumanne anasimama mbele, ametanua kifua: "Ndugu zangu, niliamua kujipima hadharani, ili niwe mfano." Fundi cherehani ananitazama. Mimi natazama dari.

Juzi, alipomaliza kujisifu, akaja hadi nilipokaa, akaniwekea mkononi kikombe kitupu chenye kifuniko cha bluu.

"Na wewe, mama. Umri wote huo hujawahi kupimwa."

"Nina kazi," nikamwambia.

Mabenchi yote yakageuka kunitazama. Fundi cherehani akavuta magoti pembeni, ili nipate njia ya kwenda chooni.