Askari Aliyefunga Njia

"Ondoka mbele yangu, mjukuu wangu. Utaanguka bure."

Konstebo Ngollo alikuwa anatembea kinyumenyume, mikono yote miwili ameiinua, glavu zake nyeupe zimeshaanza kushika rangi ya vumbi. Bibi Kashindye alimjia polepole, kapu la karanga kichwani, fimbo mkononi, akikanyaga katikati kabisa ya barabara. Nyuma yake walifuata wanawake kumi na tisa, mmoja nyuma ya mwingine, na vibuyu vya asali, vikapu vya uyoga na mafurushi ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuna aliyetoka kwenye mstari hata kwa unyayo mmoja.

"Bibi, nakuomba. Lori linakuja."

"Nalisikia. Lina haraka ya kwenda wapi? Soko lenyewe halijafunguliwa."

Wanawake wakacheka. Lori lilikuwa linashuka mteremko nyuma yao, honi inalia mfululizo.

"Piteni pembeni! Kule nilikowawekea majani!"

Bibi Kashindye aliyatupia macho yale majani, kisha akamtazama Ngollo kama anavyotazamwa mtu anayeweweseka kwa homa. Lori lilipunguza mwendo, likayumba kwenye nyasi za upande wa pili, dereva akatoa kichwa nje akatukana kwa lugha tatu, likapita. Kapu la Bibi halikutikisika.

Ngollo alishusha mikono. Ilikuwa Jumatano, mwaka 1951, msimu wa karanga ndiyo kwanza unaanza. Kuanzia wiki ijayo malori yangekuwa kumi kwa siku.

Barabara ile ya kutoka Kwihara kwenda Tabora mjini ilikuwa imelazwa juu ya njia ya misafara ya zamani. Wazee waliosimamia kazi walisema majembe yaligonga ardhi ngumu kama sakafu, kwa nyayo za wapagazi wa miaka mingi. Bibi Kashindye mwenyewe, akiwa msichana, aliifuata njia hiyo mpaka pwani mara mbili, sufuria kichwani, nyuma ya baba yake aliyekuwa kirongozi, yule anayetangulia msafara. Sasa baba yake alikuwa kaburini na misafara ilikuwa imemezwa na treni, lakini kila siku ya soko wanawake wa Kwihara walijipanga nyuma yake kama walivyofanya mama zao. Humpiti aliye mbele. Hutoki mstarini. Anapokanyaga yeye ndipo unapokanyaga wewe.

Ngollo hakuyajua hayo vizuri. Alizaliwa Lusu, upande wa Nzega, akalelewa na kusomeshwa misheni, na safari yake ndefu ya kwanza aliifanya akiwa amekaa kwenye benchi la treni. Alichokijua ni kwamba miezi minne iliyopita alikuwa amembeba Eustadia, mmoja wa wanawake wa mstari ule, mikononi mpaka hospitali, baada ya lori kumgonga na kumvunja mkono wa kushoto. Njia nzima mama huyo alikuwa akiomba radhi kwa kumchafua askari shati kwa damu. Mkono uliunga vibaya. Siku hizi Eustadia alishika furushi lake kwa mkono mmoja.

Tangu siku ile Ngollo aliamka mapema kuliko zamu yake ilivyotaka. Alikata matawi mabichi ya myombo, akayalaza pembeni mwa barabara, tawi moja kila baada ya hatua ishirini, kutoka mteremkoni mpaka penye nyumba za kwanza za mjini. Kwa macho yake kilikuwa kitu kizuri sana: ukanda wa kijani unaomwambia mtu wa miguu, hapa ndipo pako. Majani yaliponyauka aliyabadilisha. Inspekta, Mwingereza asiye na maneno mengi, aliwahi kusimamisha pikipiki yake, akayaangalia, akasema, "Vizuri." Ngollo aliishi na neno hilo wiki nzima.

Na bado walipita katikati.

*

Alhamisi asubuhi Sajini Selemani aliwasomea amri kituoni. Jumamosi Bwana PC, mkuu wa jimbo zima, angerudi kutoka kukagua mashamba, kwa gari, kwa barabara ya Kwihara. Saa nne angefika uwanjani na kumpa cheti cha sifa konstebo aliyesimamia usalama wa barabara vizuri kuliko wenzake. Waliobaki kwenye orodha walikuwa wawili: Raymundi wa kwenye makutano ya reli, na Ngollo.

Gwaride lilipovunjwa, Sajini alimshika Ngollo bega. Alikuwa mtu wa mjini, mnene, mwenye kucheka haraka na kusahau haraka.

"Inspekta amesema cheti ni chako, kijana. Ameyapenda majani yako. Ila kuna jambo moja. Bwana PC akiwakuta wale wanawake katikati ya barabara, cheti kitakwenda kwa Raymundi, na yule bibi kizee atalala ndani. Siku saba. Inspekta amesema amechoka naye."

"Ndani? Bibi wa umri ule?"

"Sasa wewe unataka nini? Mkamate kesho wewe mwenyewe, umweke hapa siku mbili, apumzike, apate uji. PC akishapita unamwachia. Kila mtu amefurahi."

"Hata yeye?"

"Ah, ninyi watu wa Lusu!" Sajini alicheka. "Unataka kumkamata mtu na akushukuru!"

Ngollo hakucheka. Alikuwa anamfikiria mama yake, Koleta. Majirani wa Lusu wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani, mama yule husema tu, "Yuko mjini." Hajawahi kulitamka neno askari. Askari ndiye anayefanya watu wafunge milango. Kichwani mwake Ngollo alikuwa ameshakitundika cheti kile ukutani kwa mama yake, karibu na picha ya Bikira Maria, na ameshamsikia akisema: mwanangu ni polisi, analinda watu wasigongwe.

*

Ijumaa alasiri alikwenda Kwihara kwa miguu. Kabla hajafika nyumba ya tatu, milango miwili ilikuwa imefungwa na mwanamume mmoja alikuwa amekumbuka ghafla kazi ya shambani. Ngollo alikuwa ameyazoea. Alivua kofia akaishika kwapani, ili angalau asionekane mrefu.

Bibi Kashindye alikuwa uani anabangua karanga na Eustadia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunikamata?"

"Hapana, Bibi."

"Basi kaa. Kama ungekuja kunikamata ningekuacha umesimama."

Alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Akaeleza yote: gari la Bwana PC, saa nne, siku saba. Cheti hakukitaja. Bibi alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kupasua maganda.

"Kesho tu, Bibi," Ngollo alisema. "Kesho tu piteni pembeni. Kisha tutaongea."

"Tupiteje?"

"Kwa miguu, Bibi! Kama mnavyopita siku zote."

"Pembeni umepafunga."

"Nimepafunga?"

Bibi akaweka ungo chini. "Mjukuu wangu, mimi nina macho. Kila asubuhi unafunga pembeni kwa majani mabichi, kisha unasimama katikati na glavu zako unapiga kelele, piteni pembeni, piteni pembeni! Nikamwambia Eustadia, huyu kijana wa watu ana ugonjwa, tumwonee huruma."

Eustadia aliziba mdomo kwa mkono wake mzima.

"Sielewi, Bibi."

Bibi Kashindye alichukua kijiti, akachora kwenye vumbi njia mbili zinazoachana. Kisha akachuma jani kwenye kichaka cha ua na kulilaza juu ya njia moja, kwa kukingama.

"Kirongozi anafika hapa. Watu mia tatu wako nyuma yake, wengine hata hawamwoni. Hii inakwenda kwenye maji, hii inapotea porini. Anakata tawi bichi, analilaza hivi. Maana yake, huku kumefungwa. Hata wa mwisho kabisa, mgonjwa, anayejikokota peke yake jioni, akiliona tawi anajua. Baba yangu alifunga njia hivyo mpaka pwani. Hakupotea mtu."

Ngollo aliliangalia lile jani. Asubuhi zote zile za umande, panga mkononi, soksi zimelowa. Miezi minne. Alikuwa amewafungia pembeni kwa mikono yake mwenyewe na kuwaachia njia ya malori.

"Mbona hamkuniambia?" alisema hatimaye.

"Nani anamuuliza askari?" Bibi alijibu, wala si kwa ukali. "Askari akifunga njia, amefunga."

Ndipo Ngollo akaanza kucheka. Alicheka akajishika mbavu, kofia ikaanguka, na Eustadia naye akaachia kicheko alichokuwa amekizuia. Walipotulia, macho ya Ngollo yalikuwa yamelowa, na haikuwa kwa kicheko peke yake.

"Basi kesho alfajiri nitayaondoa," alisema.

Bibi alitikisa kichwa. "Ukiyaondoa tu, zitakuwa njia mbili, zote wazi. Mtu akiona mbili wazi anashika ya zamani, na mimi nikiishika, wote walio nyuma yangu wataishika. Kirongozi hafungui njia bila kufunga nyingine."

Ngollo alielewa. Kufunga nyingine ilikuwa kulaza matawi katikati ya barabara ya Serikali, asubuhi ileile ambayo Bwana PC angepita na gari lake. Sheria inayokataza hilo aliijua kwa namba.

"Sasa unawaza nini?" Eustadia alimuuliza.

"Nahesabu matawi," alisema Ngollo.

*

Jumamosi jua lilipochomoza, pembeni palikuwa peupe. Katikati ya barabara, kila baada ya hatua ishirini, lililala tawi bichi la myombo.

Mstari ulitokea juu ya mteremko saa tatu na nusu. Bibi Kashindye alifika kwenye tawi la kwanza, akasimama. Wanawake kumi na tisa wakasimama. Aligusa tawi kwa ncha ya fimbo, akalipindua, akaangalia mahali lilipokatwa, kama mtu anayesoma barua na kutaka kujua imeandikwa lini. Kisha akageuza shingo polepole, kwa sababu ya kapu, akatazama pembeni.

Ngollo alikuwa amesimama mbali kidogo, mikono imeshikamana nyuma. Hakuinua hata kidole.

Bibi akavuka. Mguu wake wa kulia uliingia kwenye nyasi, kisha wa kushoto, na nyuma yake mstari mzima ukapinda, mzigo baada ya mzigo, mpaka wa mwisho akatoka barabarani.

Wa mwisho alikuwa bado usawa wa tawi la kwanza gari jeusi lilipotokea. Lilifika kwenye tawi la kwanza, likasimama. Inspekta akashuka, uso mwekundu.

"Nani ameziba barabara?"

"Mimi, Afande."

"Kwa nini?"

"Ili watu wapite pembeni, Afande."

Ndani ya gari Bwana PC alikuwa amegeuza kichwa dirishani. Wanawake wa mwisho walikuwa wanapita hatua mbili tu kutoka kwake bila kumtazama. Eustadia alikuwa anaimba kitu kwa sauti ya chini, na hatua za wenzake zilifuata wimbo.

"Kuziba barabara ya Serikali ni kosa," Inspekta alisema polepole. "Unajua?"

"Najua, Afande."

"Ulijua jana?"

"Hata jana nilijua, Afande."

Inspekta alimkazia macho, akawatazama wanawake, akamtazama tena. Kisha akasaidiana na dereva kusogeza tawi, na Ngollo akakimbia mbele ya gari kuyasogeza yaliyobaki upande wa pili wa barabara, moja moja, mpaka chini.

*

Cheti alipewa Raymundi. Bendi ilipiga, jua lilikuwa kali, na Ngollo alipiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye glavu. Raymundi alikuwa mtu mwema, na aliporudi mstarini alinong'ona, "Ndugu yangu, hiki kilikuwa chako."

"Kishike vizuri, kitakunjika."

Baadaye Sajini Selemani alimfuata akijifuta jasho. "Umekosa cheti kwa ajili ya majani. Majani, Ngollo! Inspekta amesema leo hii ukayaokote yote. Jumatatu atakupigia kelele, jitayarishe."

"Na Bibi?"

"Bibi gani?"

"Bibi Kashindye, Afande. Siku saba."

"Kwa kosa gani? Amekutwa pembeni, amekutwa anatembea vizuri kuliko gwaride letu." Sajini akakuna kidevu, akaongeza kama mtu anayejisemea, "Bwana PC ameuliza jina lako. Sijui kwa uzuri au kwa ubaya. Nimemwambia unatoka Lusu."

Ngollo alitoa pumzi ambayo aliona kama ameishikilia tangu Alhamisi.

Saa kumi alikuwa barabarani anaokota. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka sokoni, vikapu vitupu, sauti zimepanda. Walikuja kwa upande uleule walioupita asubuhi, ambapo nyasi zilikuwa zimelala, na wala hakuna aliyegeuka kutazama katikati. Bibi Kashindye alipomfikia aliangalia mzigo wa matawi mikononi mwake.

"Unayaondoa?"

"Ni amri, Bibi."

"Yote?"

"Yamebaki yale ya kule juu, kuelekea kwenu."

Bibi aliinua fimbo. Aliendelea. Mmoja baada ya mwingine walimpita Ngollo, wengine wakimwamkia, mmoja akimtania kwamba kuni hizo zingetosha harusi. Kisha akaja Eustadia. Alipofika mbele yake alipunguza mwendo. Aliyemtangulia akaenda, hatua moja, hatua mbili, na kati yao mstari ukafunguka kwa upana wa mtu mmoja; Eustadia akamwonyesha Ngollo nafasi hiyo kwa kidevu.

Wa nyuma wakapunguza mwendo nao. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Kule mbele, bila kugeuka, Bibi Kashindye naye alianza kutembea taratibu zaidi, fimbo ikigusa nyasi, ikisubiri, ikigusa tena.

Ngollo alisimama na matawi yake kifuani, akiitazama nafasi ile ikisogea polepole mbele ya miguu yake.