Jiko Dogo la Kijani

Mama Generosa, jirani yetu wa upande wa minyaa, anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema siku ile mama mkwe wangu alipokwenda msibani, alikuja mwanamume mmoja Msukuma, mrefu, amevaa kofia ya sufu juani, ndugu yangu wa Kishapu. Anasema nilimtolea jiko langu jipya likiwa limefungwa kwenye kanga yangu yenye korosho, nikampa uani, naye akashika njia ya stendi.

"Na yule mke machozi yalikuwa yanamtoka," ndivyo anavyomalizia kila anaposimulia kisimani. "Mtu halilii chuma, mayu. Alikuwa anamuaga ndugu yake anayempelekea mama yake jiko."

Ubaya wa maneno ya Mama Generosa ni kwamba hakuongopa sana. Mwanamume alikuwapo. Kanga ilikuwa yangu. Machozi nayo yalikuwapo. Ila yule si ndugu yangu, na jiko halikwenda Kishapu kwa mama yangu.

Nilipoolewa na Akida nikaletwa hapa Kagongwa, nilikuta nyumba ina moto mmoja. Mwenye moto ni mama yake, Bi Mwamvua. Kuni zake, mafiga yake, na ufunguo wa mlango wa jikoni umefungwa kwenye pindo la kanga yake. Si mtu wa kunyima. Anapakua vizuri, na nyama ananipa. Lakini akishapakua anafunga, na mtoto wangu Majaliwa akilia njaa baada ya hapo, ni uji uliopoa, umeganda kama gundi ya kubandikia bahasha. Anautema, ananitazama.

Nikiomba niwashe moto, Bi Mwamvua ananijibu bila ukali:

"Nyumba moja, moshi mmoja, mwanangu. Siku mumeo akikuletea jiko, nikaona unajua kulitunza, nitakupa baraza ya nyuma na sufuria mbili, upike chako. Ukilipoteza, usiniombe tena."

Ndivyo alivyofanyiwa na yeye. Alipika chini ya mama mkwe wake mpaka akazaa mtoto wa tatu, na hajasahau.

Akida alikuwa anamwambia mama yake kwamba anafanya biashara ya mpunga Segese. Mama alifurahi. Baba yake Akida alifukiwa na duara, shimo la dhahabu, hata mwili wake hawakuupata wote. Tangu hapo Bi Mwamvua hataki kusikia neno dhahabu, na aliapa kwamba mwanawe akishuka shimoni asimwite mama tena. Mimi nilijua. Mfuaji wa nguo zake nilikuwa mimi. Mpunga hauachi tope jekundu kwenye mifuko ya suruali.

Nilinyamaza. Mume wangu alijua kwamba najua, na nafikiri ndiyo sababu siku moja akaniambia, "Haya, twende Kahama ukachague jiko. Ila usichague la kunifilisi."

Mwaka ule bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani, baada ya ile miaka ya foleni na vibali. Dukani kwa Mzee Sabiti yalikuwapo majiko ya mafuta ya taa ya aina tatu. La kwanza la pampu, la shaba, linang'aa kama bwana harusi. Akida alilipenda hilo. Lakini shangazi yangu aliwahi kuwa nalo, nikamwona anavyohangaika: linataka spiriti, linataka sindano ya kuzibulia, na likiwaka linanguruma mpaka mtoto anaamka. La pili la mafiga mawili, zito, linakunywa mafuta kama lori. La tatu lilikuwa chini kabisa nyuma ya ndoo, jiko dogo la tambi, la kijani, rangi imebanduka mguu mmoja. Nililinyanyua kwa mkono mmoja.

"Mzee, naomba liwashwe nilione."

"Humu dukani, binti yangu? Unataka niunguze vitenge vya watu?"

"Basi tulitoe barazani."

"Umekuja kununua jiko au kuliposa?"

Watu wakacheka. Akida naye akacheka, akaniambia niache kumtia aibu. Mimi nikakaa kwenye gunia la chumvi nikasubiri. Wateja wakaja, wakaenda. Mwishowe Mzee Sabiti mwenyewe akachoka kuniona, akalitoa nje, akatia mafuta kidogo, akawasha. Moto ukazunguka, mwanzo wa njano, halafu ukatulia ukawa wa buluu. Halikutoa moshi. Nikalipunguza mpaka moto ukawa kama wa kibatari. Upepo ukapita, halikuzimika. Nikaweka kiganja juu yake, nikaridhika. Tambi zake zinauzwa kila duka, na likitoboka fundi bati yeyote analiziba.

"Hili ni jiko la maskini," Mzee Sabiti alisema huku akilifuta.

"Ndiye atakayelitumia, mzee."

Tulipofika nyumbani, Bi Mwamvua alilizunguka kama mtu anayemkagua mbuzi mnadani. Akalinusa. Akasema, "Haya. Tutaona." Kisha akaenda mwenyewe kufagia baraza ya nyuma, na sikumwomba.

Siku ya kwanza nilipika uji wa ulezi. Nikapunguza moto mpaka mwisho, Majaliwa akasinzia, akaamka, uji bado una joto lake. Alikunywa kikombe chote. Nilikaa pale nikiutazama ule moto mdogo, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kuni zimekwenda wapi. Siku zilizofuata Bi Mwamvua alikuwa akipita, anachungulia sufuria, anaona chini hapana masizi, anapita. Alishazitoa zile sufuria mbili kabatini. Alikuwa amezisugua, zimeegeshwa ukutani, anangoja tu kunipa.

Ndipo ukatokea msiba wa mtaa wa pili, Bi Mwamvua akaenda kushinda huko. Adhuhuri Akida akaingia, na yule mwanamume wa kofia ya sufu nyuma yake.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama. Jina lake Nkwabi.

Nikampa chai. Alishika kikombe kwa mikono miwili, na hata hivyo chai ilimwagika mpaka kwenye magoti. Mikono ilikuwa inamtetemeka kama ya mzee wa miaka mingi, na hakuwa mzee. Nikamtazama Akida.

"Huyu ndiye anayetuchomea wote," Akida akasema taratibu, kana kwamba anamsifu.

Wakatoa kitambaa. Ndani mlikuwa na kidonge cheupe kama fedha, zebaki iliyoshikana na dhahabu. Ukikichoma, zebaki inaondoka kwa mvuke unaomla mchomaji polepole, dhahabu inabaki. Shimoni kulikuwa na msako, watu wanakamatwa, hawakuthubutu kuchomea huko. Mkaa ungetoa moshi, majirani wangeuliza. Akida akanyoosha mkono kwenye baraza yangu, palipo na jiko.

"Hilo ni la mtoto," nikasema.

"Mara moja tu, Mama Majaliwa."

Wakaliingiza chumbani wakafunga dirisha. Nilimbeba mwanangu nikatoka naye mpaka penye minyaa, maana hewa ya mle ndani ilianza kuwa na ladha ya msumari mdomoni. Nilipoitwa, kwenye kifuniko cha kopo kilikuwa kimebaki kipande cha njano, kikubwa kuliko walivyotegemea. Akida alikuwa anacheka peke yake. Nkwabi alilipiga jiko kofi dogo kama mtu anavyompiga ng'ombe wake.

"Sikia, Akida. Hili jiko lina mkono mwepesi. Moto wake mdogo na hauzimiki, moshi halina, na unalibeba kwapani. Nani alilichagua?"

"Mke wangu."

"Mkeo ana jicho. Basi hili limeshakuwa letu."

Nilidhani anatania. Nikainama nilichukue nilioshe. Nkwabi akaweka mguu mbele yake.

"Hapana, mayu. Jiko lililotoa mali halirudi kwenye ugali. Ukilipikia chakula, bahati inaliwa. Tutashuka shimoni tutoke mikono mitupu, au tusitoke kabisa."

"Shemeji, nimelisubiri jiko hili tangu nimeolewa."

"Na sisi tumeisubiri mali hii tangu tumezaliwa." Akacheka, meno yake yalikuwa yanacheza kwenye fizi.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa ameshaichukua kanga yangu kambani, analifungia jiko ndani yake ili watu wa stendi wasilione. Nkwabi alikuwa anatetemeka mno, hawezi kufunga fundo, Akida akaniambia nifunge mimi. Nikafunga.

"Nitakuletea lile la pampu," akasema. "La shaba. Ila mama asijue. Akijua, unafahamu mwenyewe itakavyokuwa."

Nkwabi akatangulia na mzigo kupitia uani. Akida akapitia mlango wa mbele, kama mtu anayerudi kwenye mpunga wake. Mama Generosa akaona alichokiona.

Bi Mwamvua aliporudi msibani alikwenda moja kwa moja barazani. Akatazama ile alama ya duara la mafuta kwenye sakafu.

"Jiko liko wapi?"

Nilikuwa na jibu. Jibu hilo lingemtoa Akida kwenye nyumba ya mama yake, na lingemrudisha marehemu baba yake mle ndani mpya kabisa, na tope lake. Nikasema, "Mama, nisamehe."

Hakunipigia kelele. Akachukua zile sufuria mbili, akazirudisha kabatini. Kesho yake Mama Generosa akaja kumpa pole, akampa na maelezo. Sasa ile baraza imejaa kuni, na kuku anaatamia pembeni. Nikipita kisimani wanawake wananiuliza kama mama yangu kule Kishapu amenenepa.

Akida alirudi juzi Ijumaa, baada ya swala. Hakuja na jiko la pampu. Alikuja na kitenge cha mama yake na debe la mchele wa kununua, ili mpunga uonekane. Bi Mwamvua akafurahi, akapika kuku. Tukaandaa mkeka. Nikaleta birika na beseni, nikapiga magoti mbele ya mume wangu nimnawishe.

"Kabla hujala, mwanangu," Bi Mwamvua akasema, "nataka kuuliza mbele yako. Ulimnunulia mkeo jiko. Mimi sikumwuliza zaidi, nilikungoja wewe. Watu wanasema kalipeleka kwao. Wewe unajua?"

"Ah, mama. Mambo ya jikoni hayo. Tule."

Majaliwa alikuwa amekaa kwenye paja la bibi yake, anakivuta kile kitenge. Niliona kucha za Akida zina wekundu ambao sabuni haijauweza. Niliona pia kwamba kidole chake kimoja, kile kidogo, kilikuwa kinacheza chenyewe, kidogo sana, kama utambi unaotafuta mafuta.

Nikainua birika. Nikasema kwa sauti ambayo mama yake aisikie:

"Baba Majaliwa, mwambie mama jiko liko wapi."

Akakinga mikono. Nikamimina. Akanawa viganja, akanawa vidole kimoja kimoja, akarudia, macho yako ndani ya beseni, na Bi Mwamvua anamtazama, na mimi namtazama, mpaka maji kwenye birika yakaisha.