Inchi Nne Kutoka Chini

Fundi cherehani alimwagilia michaichai yake kila asubuhi kabla hajakaa kushona. Ilizunguka uwanja wote, na katikati yake alikuwa amepanda vitunguu saumu, maana alifundishwa kwamba nyoka hawapendi harufu ile. Mashimo aliyaziba. Kuni alizipandisha kichanjani. Pumba za kuku zikimwagika, alizifagia hapo hapo panya wasije. Nyoka waliendelea kutoka kwenye pori la jirani, wakakatisha uwanja na kwenda kwenye shughuli zao.

Pori lenyewe lilikuwa kiwanja cha mwenyekiti wa mtaa. Nyasi zilifika kiunoni, na palikuwa na kibao, USITUPE TAKA HAPA, kilichowasaidia watu kujua pa kutupa taka. Mwenyekiti huyo huyo ndiye aliyeendesha semina ya kufukuza nyoka kwa njia za asili. Habari ya kufyeka hakuigusa.

Mtoto wa fundi alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Kila akinyanyua mguu, fundi, mama yake, alimwambia, "Usikanyage chini, baba." Bibi yake naye alimwambia, "Mume wangu, usikanyage chini." Mtoto alikuwa msikivu. Jumatatu moja alishuka mgongoni kwa bibi yake, akavuka uwanja mzima bila kukanyaga chini.

Fundi alichukua futi yake akapima. Inchi nne.

"Kachelewa," bibi alisema. "Baba yake katika umri huu alikuwa anakimbia."

Nyoka mmoja alipita chini ya nyayo za mtoto, akaenda zake. Jirani aliyekuja kuchukua gauni alitania kwamba mtoto siku hizi anajisikia, hata ardhi haimtoshi.

Siku ile fundi alifurahi, kwa nini aseme uongo. Kesho yake alimwona mwanawe akitaka kuchezea mchanga. Mtoto akakaa, lakini akakaa hewani, na mikono haikufika. Akalia. Fundi roho ilimuuma, kwa sababu tangu mwanzo alichokitaka ni hicho tu, mwanawe achafuke kwenye uwanja wa kwao. Akamshika mkono wakaenda kwa mwenyekiti.

"Mwenyekiti, tunaomba ufyeke lile pori."

Mwenyekiti aliinama, akapitisha kiganja chini ya nyayo za mtoto, kikapita vizuri.

"Kwani nyoka kamng'ata?"

"Hajamng'ata."

"Na kwa hali hii atamng'ata wapi? Sasa mama, pori langu linamdhuru nani?"

Fundi alimshika mwanawe mkono wakarudi nyumbani.

Jumamosi kiliitwa kikao. Mwenyekiti aliwaagiza wazazi wote wawaambie watoto wasikanyage chini, akasema mtaa umepanda hadhi. Wakapiga makofi. Watoto wadogo walishika haraka. Watu wazima walijaribu wakashindwa, walishazoea kukanyaga, basi wakaendelea kutembea na fimbo. Nyasi za mwenyekiti zilifika kifuani.

Fundi alimshonea mwanawe suruali, akaiongeza inchi nne. Pindo lilifikia mchanga kwa niaba yake, na lilipokwama kwenye kijiti mtoto alicheka sana. Jioni fundi alilifua, maji yakageuka tope. Kisha, kwa mazoea, alimnawisha mtoto miguu, na maji ya beseni yakabaki kama alivyoyateka.