Gramu Tano za Mvuke

Wanafunzi wa mwaka wa pili walimwita Mama Pipa. Hawakumwita hivyo akiwa karibu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutulia mahali pamoja, ilikuwa kazi kujua ni wakati gani hayuko karibu. Alifundisha Masomo ya Mazingira kwa miguu. Katika mhadhara mmoja wa saa nzima alitoka dirishani kwenda mlangoni na kurudi mara mia moja na kumi na mbili, idadi iliyothibitishwa na safu yote ya nyuma, ambayo haikuwa na shughuli nyingine ya maana.

Juma hili alizidisha. Mkataba wake ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu. Kwa miaka sita chuo kilikuwa kikimwongezea mwaka mmojammoja, kama mgonjwa anayepimiwa dawa ya kikohozi kwa kijiko, na kila mwaka barua ilikuwa imekwisha kufika wakati kama huu. Safari hii kimya. Juzi alipokutana na Mkuu wa Kitivo ngazini, mkuu alimsalimia kwa furaha iliyopita kiasi, akamuuliza hali ya nyumbani, hali ya kazi na hali ya hewa, kisha akakumbuka amesahau kitu ghorofani na kukifuata mbio. Mama Pipa alibaki pale ngazini akijua kwamba mtu hasalimiwi hivyo bure.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, nesi wa wodi ya watoto, ambaye kwa juma zima alikuwa akimtazama anavyokula amesimama, sahani mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nesi alisema amekwisha kuwatuliza watoto wenye homa kali kuliko hii, na kwamba wale angalau walikubali kukaa.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika siku ya ukaguzi wa taka.

Ukaguzi huo ndio uliokuwa roho ya kozi. Kila mwaka darasa lilichagua jengo moja la chuo, likachukua mifuko ya mapipa yake kwa siku mbili, likaimwaga juu ya turubai nyuma ya maabara na kuchambua kila kitu: karatasi, plastiki, mabaki ya chakula, vyuma, na fungu la tano lililoandikwa kwenye beseni lake “Mungu Anajua”. Kila mfuko ulipimwa kabla ya kufunguliwa. Mabeseni nayo yakapimwa baada ya kazi, na hesabu mbili zilitakiwa kukubaliana. Mizani iliazimwa kutoka idara ya kemia. Ilisoma hadi gramu moja, na watu wa kemia waliitoa kwa uso wa mzazi anayekabidhi kichanga kwa mgeni.

Kulikuwa na kanuni moja tu, na Mama Pipa aliitamka kila mwaka akiwa amesimama kabisa, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwatisha. Hatusomi, tunapima. Karatasi ikikupitia mkononi ni karatasi, hata ikiwa na siri ya ndoa ya mtu. Atakayesoma ataosha ndoo zote na glavu zote, peke yake, mbele ya wenzake. Mwaka jana kijana mmoja alinaswa akisoma shairi la mapenzi la mhasibu. Aliosha ndoo kumi na tisa, na inasemekana shairi lenyewe halikuwa zuri.

Sababu ya kanuni hiyo walikwisha kuelezwa juma la kwanza. Pipa, aliwaambia, linatuonyesha kilichokataliwa. Kilichobaki mezani pipa halikijui. Anayeokota taka akadhani ameujua ukweli wote wa nyumba ana haraka ya kijinga. Walilinakili neno hilo daftarini na kulipigia mstari, kwa sababu lilikuwa na sura ya swali la mtihani.

Zamu ya mwaka huu ilikuwa ya jengo la utawala.

Mfuko namba saba ulitoka kwa katibu muhtasi wa Mkuu wa Kitivo. Ulikuwa mkavu na msafi kama mwenyewe, karatasi tupu kasoro ganda moja la ndizi lililofungwa vizuri ndani ya plastiki. Gramu elfu mbili mia tatu na kumi na sita, akasoma kijana waliyemwita Wakili. Jina hilo alilipata kwa kubishana na kila mtu hadi mlinzi wa lango, na ndiye aliyekabidhiwa daftari la vipimo, maana hakuna ambaye angethubutu kumbishia.

Mfuko ulimwagwa. Mama Pipa alikuwa akiuzunguka kwa mwendo wake wa kawaida ndipo jicho lake likaona, kwenye nusu ya karatasi iliyopasuliwa, cheo chake na idara yake.

Alisimama. Kwa wanafunzi kumi na wanne waliokuwa wamechuchumaa pale, hiyo ilikuwa sawa na saa ya ukutani kusimama. Mmoja akamuuliza kama anaumwa. Alisema kamba ya kiatu imefunguka, akapiga goti juu ya nusu ile na kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Nusu ya pili ilikuwa hatua tatu mbele, chini ya ganda la ndizi. Aliinuka, akazunguka, akapiga goti tena. Kiatu cha pili nacho hakikuwa na kamba. Walioona walidhani ni maumivu ya mgongo na wakamwonea huruma.

Aliunganisha nusu hizo chooni, mlango umefungwa kwa komeo. Kamati inasikitika kukufahamisha kwamba mkataba wako, unaokwisha mwishoni mwa mwezi huu, hautaongezwa. Basi. Miaka sita ya ndoo, na neno lililoandikwa kwa uangalifu kuliko yote lilikuwa “inasikitika”.

Aliporudi, Wakili alikuwa amekunja uso. Alieleza kwamba mabeseni ya mfuko namba saba yamekuja na gramu elfu mbili mia tatu na kumi na moja, kwamba amepima mara tatu, na kwamba kuna gramu tano zimetembea.

“Mvuke,” alisema Mama Pipa. “Taka hukauka juani. Andika mvuke.”

Wakili alitazama juu. Mbingu ilikuwa ya kijivu tangu asubuhi. Aliandika mvuke.

Jioni ile nesi alisomewa barua iliyogandishwa kwa plasta ya wodini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza imetoka wapi, na akaambiwa.

“Mdogo wangu,” alisema, “umeletewa au umeiokota?”

Mama Pipa alisema hilo halina tofauti. Hatangoja kufukuzwa kama paka jikoni. Ataacha kazi mwenyewe, kabla hawajapata nafasi ya kusikitika rasmi. Aliandika barua ya kujiuzulu akiwa amesimama kando ya kabati la vyombo. Ilikuwa barua nzito. Ilitaja heshima mara mbili, dhamiri mara tatu, na mahali pamoja ilisema vizazi vijavyo vitahukumu. Nesi aliomba angalau aifikirie kwa siku moja. Lakini asubuhi saa mbili kasoro Mama Pipa alikuwa ghorofa ya pili, mbele ya meza ya katibu muhtasi, na barua mkononi.

Katibu muhtasi alikuwa mama wa makamo, miwani shingoni kwa mnyororo, kalamu tatu zimepangwa kwa urefu. Aliipokea bahasha bila kuuliza, akaiweka kwenye trei ya mkuu, na kusema mkuu anaingia saa tatu. Mama Pipa alishuka ngazi akijisikia mwepesi. Wepesi huo ulidumu ngazi kumi na moja.

Siku ya pili ya ukaguzi ilianza vibaya kwa sababu Wakili hakuwa amelala. Alisimama mbele ya turubai na daftari lake kifuani kama mtu anayeleta kesi, akasema kuna jambo anaomba lisahihishwe kabla mfuko mwingine haujafunguliwa. Mfuko namba saba ulikuwa wa karatasi kavu. Ganda la ndizi lilikuwa ndani ya plastiki. Jua halikutoka. Yeye hawezi kutia sahihi gramu tano za mvuke katika mfuko usio na maji.

Mama Pipa alianza kutembea.

“Wewe unadhani nini kimetokea?” aliuliza akiwa anaenda.

“Kuna mtu ameichukua,” alisema Wakili. “Gramu tano ni karatasi moja. Sitaki kujua ni nani, mwalimu. Ila namhurumia.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ulitufundisha mwenyewe. Amechukua kitu kilichokataliwa, sasa anadhani ndicho kilichoamuliwa.”

Mama Pipa alikuwa amefika mwisho wa turubai. Mguu mmoja ulikuwa hewani, na kwa kitambo haukujua ushuke wapi. Barua iliyotumwa haipasuliwi. Barua inayopasuliwa na katibu yule, mwenye kupanga kalamu kwa urefu, ni barua ambayo haikwenda. Mtoto wa mwaka wa pili alilijua hilo, tena alilijua kutoka kwake yeye. Aliwaambia waendelee, akatembea hadi kwenye kona ya maabara kwa heshima zote za mhadhiri, na baada ya kona akakimbia.

Saa ya ukutani ghorofa ya pili ilionyesha saa tatu na dakika kumi. Mlango wa mkuu ulikuwa umefungwa na sauti yake ilisikika ndani. Trei ilikuwa tupu.

Alimuuliza katibu muhtasi kama trei imekwisha kuingia. Imeingia, alijibiwa. Yote? Katibu alivaa miwani, akamtazama, na kwa sauti ya chini alieleza kwamba yeye husoma kila kinachopita pale, maana ndiyo kazi yake, na kwamba barua isiyo na tarehe haijawahi kuvuka meza yake tangu aajiriwe.

Mama Pipa alikumbuka dhamiri tatu na heshima mbili. Tarehe hakuikumbuka.

“Halafu nikajiuliza,” aliendelea katibu, “huyu nani kamwambia haongezewi. Barua ile niliichapa juzi asubuhi, kamati ikakaa tena mchana, nikaipasua kwa mikono yangu. Nyingine iko ndani inangoja sahihi. Haifanani na ya kwanza. Na mimi sijakwambia kitu.”

“Yangu iko wapi sasa?”

“Nimeipasua pia. Imo kwenye pipa.”

Walilitazama pipa wote wawili. Lilikuwa tupu, na mfuko mpya umetandikwa vizuri ndani yake.

“Watoto wako wamepita robo saa iliyopita,” alisema katibu. “Wana adabu sana.”

Alishuka ngazi mbilimbili. Alipoipita kona ya maabara mfuko ulikuwa umekwisha kumwagwa, na Wakili alikuwa amechuchumaa katikati, mkononi ana nusu ya karatasi yenye mwandiko ambao darasa zima liliujua kutoka pembeni mwa kazi zao walizosahihishiwa. Aliishika kwa muda mrefu kuliko karatasi inavyohitaji kushikwa. Kisha akaigeuza maandishi chini, akaitafuta nusu ya pili, akaigeuza nayo.

“Karatasi,” alisema, na kuzitia kwenye beseni.

Hakuna aliyeinua kichwa. Wanafunzi kumi na wanne walikuwa wakiangalia mikono yao kwa bidii ambayo hawajawahi kuionyesha wakati wa mtihani.

Mama Pipa alitoa mfukoni barua ya jana, yenye plasta zake, akaiweka juu ya mizani mbele yao. Gramu sita. Wakili aliuliza kwa upole gramu moja imetoka wapi. Plasta, aliambiwa; futa mvuke. Alifuta kwa rula. Halafu Mama Pipa aliuliza ndoo za siku mbili ni ngapi, na sauti kutoka nyuma ikasema ishirini na tatu, na glavu jozi kumi na nne, na kwamba sabuni iko kule bombani.

Aliosha peke yake, mbele yao, kama kanuni inavyosema. Walikaa ukutani wakitazama, wakimwonyesha kwa adabu mahali alipobakiza uchafu. Alikuwa kwenye ndoo ya kumi na saba, povu hadi kwenye viwiko, pale katibu muhtasi alipotokea na bahasha. Hakuwa na mkono mkavu wa kuipokea. Akasema apewe Wakili.

“Niipime au niisome?” aliuliza Wakili.

“Pima kwanza.”

Gramu kumi na moja pamoja na bahasha. Akaifungua, akasoma kimya hadi chini, akasafisha koo kama yuko mahakamani.

“Mwaka mmoja,” alisema.

Mama Pipa alitikisa kichwa polepole na kuinama tena. Mwaka mmoja, maana yake mwaka kesho siku kama ya leo atakuwa anatembea tena. Alimaliza ndoo ya kumi na saba, akaibeba kwenda kuianika juani, akakumbuka hakuna jua, akarudi nayo, akaenda nayo tena. Huko ukutani safu ya nyuma ilikuwa imeanza kuhesabu.