Marahaba ya Badru Babu

Badru Babu aliingia uani kwa kina Somoe bila kubisha hodi, funguo za gari zikining'inia kidoleni ili zionekane, akaketi kwenye kiti cha Baba Mkubwa. Hakuuliza ni cha nani. Somoe, aliyekuwa akipiga pasi gauni la mteja, aliona, akageuza upande wa pili wa gauni. Mjinga yeyote angejua kwamba kiti chenye mto, kilichowekwa peke yake kivulini, hakikumngoja muuza mafriji.

Temeke nzima ilimjua. Zamani, kiwanda cha nguo kilipokuwa na kikundi chake cha maigizo, Badru alikuwa mtoto wa miaka saba anayeigiza mzee. Walimpaka unga kichwani, wakambandika ndevu za pamba, wakampa mkongojo. Akitokea jukwaani na kukohoa tu, watu hoi. Somoe aliigiza mjukuu wake, ingawa alimzidi umri. Kazi yake ilikuwa kupiga magoti na kusema shikamoo babu, naye Badru anamshika kichwa: "Marahaba, hujambo mjukuu wangu?" Basi mji ukaidaka. Akitumwa chumvi, wenye duka wanamwamkia. Walimu wanamwamkia. Mama yake mzazi alikuwa akimwamkia mbele za wageni, na kujiona kazaa.

Halafu ndevu za kweli zikaota, na babu mwenye ndevu zake hachekeshi mtu. Kiwanda kikafa, kikundi kikafa nacho. Biashara ya nje iliporuhusiwa, Badru akawa miongoni mwa waliowahi Dubai. Akarudi na mafriji yaliyokwisha tumika, nusu yake hayagandishi hata maji, akayauza kwa jina lile lile la jukwaani. Watu walinunua kwa kumkumbuka yule mtoto. Somoe alimdharau kwa moyo mweupe kabisa, tena bila kuchoka.

Sasa alitaka fremu ya kufungulia duka. Fremu yenyewe ni ile ya mbele ya nyumba, inayotazama barabara iendayo Tandika, ambamo Somoe aliweka cherehani yake, na ndiyo iliyomlisha yeye na wanawe. Nyumba ilikuwa ya ukoo. Neno la mwisho lilikuwa la huyo Baba Mkubwa, Mzee Mwishehe, kaka wa marehemu baba yake Somoe, naye alikwisha sema kwamba kijana akionekana mtu wa maana atampangisha, Somoe ahamie barazani. Barazani, na masika yale ya Temeke.

"Kwani nguo inajua imeshonewa wapi?" Badru alisema, akijinyoosha kitini. "Mie nikikaa pale mbele, mtaa mzima utachangamka. Nyie mmelala mno."

"Sie tumelala," Somoe alisema. "Ndiyo maana tunaotaga friji lako linagandisha."

Badru akacheka. Hakuwa amesikiliza.

Mzee Mwishehe akaingia kutoka msikitini, kanzu imemkaa vizuri. Akasimama mbele ya kiti chake. Badru hakuinuka wala hakufungua mdomo; alimtazama na tabasamu la mtu anayengoja kupewa chake. Mzee naye akangoja. Somoe akaweka pasi chini. Wazee wa pwani wana adhabu yao kwa kijana asiyeamkia: humwamkia wao. Na kijana yeyote aliyelelewa hapo huruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akaomba radhi, akaamkia upya, yakaisha.

"Shikamoo," mzee akasema, taratibu.

"Marahaba," Badru akajibu. "Hujambo, mjukuu wangu?"

Wala hakuwa akitania. Hilo ndilo lililomnyima Somoe hata kicheko. Maneno yalimtoka vivi hivi tu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha nyanyuka kutafuta kichwa cha kushika.

Mzee alimtazama, kisha akampita. "Somoe," alisema akiwa mlangoni, "fremu haipangishwi." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Somoe alimsindikiza Badru mpaka kwenye gari, kwa kuhakikisha tu kwamba anaondoka. Pale nje sauti ya kijana ikashuka.

"Dada Somoe, nimemkosea nini mzee?"

Somoe alitaka kumzomea, akaona anauliza kweli. Hajui. Mtu mzima, kapanda ndege, kauzia mji mzima, na hajawahi kumwamkia mtu hata siku moja, kwa kuwa tangu utoto hakuna aliyemngoja aanze. Walimpigia magoti wote, na Somoe ndiye wa kwanza. Neno moja lingetosha: rudi, mwamkie, mwombe radhi. Lakini mzee ni mwepesi wa kusamehe. Angetoka, angecheka, wangekunywa kahawa pamoja, na kabla ya magharibi cherehani ingekuwa barazani.

"Hujamkosea kitu, Babu," alimwambia. "Mzee ana mambo yake tu. Nenda."

"Nilijua tu," Badru akasema, na tabasamu lake likarudi. "Wazee wa huku wagumu sana." Akawasha gari, akaenda kutafuta fremu mtaa wa pili, kwa mzee mwingine.