Njia ya Kurudi Ina Mlima?

Mteja wangu wa kwanza katika ofisi ya tiketi za ndege alikuwa bibi yangu, fundi cherehani. Alitaka kumwona mdogo wake, ambaye walikuwa hawajaonana naye kwa miaka kumi na tisa. Tatizo lilikuwa goti. Likikaa limekunjwa zaidi ya saa mbili, huvimba, kwa hiyo basi la siku nzima halikufikirika.

“Dakika hamsini tu, Bibi,” nilijigamba. “Unaondoka saa nne kamili asubuhi, unafika saa nne na dakika hamsini.”

Siku hiyohiyo akaanza kumshonea mdogo wake gauni, kwa vipimo alivyotajiwa kwenye simu.

Kesho yake aliniita akiwa ameshika tiketi.

“Hebu njoo, mume wangu. Kurudi wameandika naondoka saa nane, nafika saa kumi na dakika hamsini. Njia ya kurudi ina mlima?”

“Labda ni upepo,” nilisema kwa sauti ya mtu asiyejua.

“Upepo wa kuongeza saa mbili nzima? Na nasikia huko juu mtu anafungwa mkanda, goti halinyooshwi. Rudisha tiketi.”

Akalikunja gauni, pindo halijamalizika, akalitia kwenye mfuko wa vitambaa. Moyo uliniuma. Nikafungua atlasi yangu ya shule. Bibi, ambaye hawezi kuona kitu bila kukipima, alitoa futikamba, akapima kutoka mji wetu hadi wa mdogo wake, kisha kutoka huko hadi wetu.

“Tatu na nusu. Tatu na nusu. Sijaona kitambaa kinachorefuka kikipimwa kutoka upande wa pili.”

Kompyuta ya ofisini nayo ilisema kilomita elfu moja na mia mbili kwenda, na kurudi vilevile. Umbali ulikuwa mmoja. Basi nani alikuwa anatudanganya?

Bibi akampigia mdogo wake kumwambia haji tena.

“Unafanya nini saa hizi?”

“Naanika nguo, dada. Ndiyo kwanza saa tisa.”

Bibi akatazama saa ya ukutani. “Saa kumi hii! Saa yako imekwisha betri.”

“Yangu nzima. Yako ndiyo ina haraka.”

Niliruka kutoka kitini. “Bibi! Saa za huku zimetangulia za kwao kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila mji! Kwenda ni saa moja na dakika hamsini. Kurudi vilevile!”

“Kumbe zile dakika hamsini zako zilikuwa za uongo.”

“Sikujua. Nisamehe.”

“Na shahada yote ile?”

“Ilikuwa ya historia, Bibi.”

Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akalitoa gauni mfukoni na kutia uzi kwenye sindano.

Siku ya safari alinipigia kutoka huko.

“Saa yangu ya mkononi sikuigusa. Saa moja na dakika hamsini na mbili. Goti linakudai maelezo ya hizo mbili.”

Nyuma yake sauti nyingine ililalamika, “Dada, gauni linanibana!”

“Ulinitajia vipimo vya mwaka gani, wewe?” Bibi alifoka, akasahau kukata simu.