Seva Juu ya Kabati la Vyombo

Rajab aliuza vipuri vya magari, na hakuna kitu kilichomkera kama watu kuyajua mambo ya nyumbani kwake. Ndiyo maana alinunua laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka katika maduka ya Katwe, Kampala, akaiweka juu ya kabati la vyombo nyumbani kwake, mtaa wa Namuwongo, akaigeuza seva ya familia. Picha, video, sauti: kila kilichoingia kwenye simu yake na ya mkewe Maimunah kilijinakili humo chenyewe, kisha kikafutika kwenye simu.

"Sasa picha zetu hazikai tena kwa watu tusiowajua," alisema.

"Zinakaa na sahani," Maimunah akajibu.

Ukaja uchaguzi, mtandao ukazimwa nchi nzima. Simu zikabaki za kupigiana tu. Lakini seva haikuhitaji mtandao wa nje. Mle ndani iliendelea kufanya kazi kama kawaida. Jirani yao Ayoo alipopata habari, akaja na wanawe kutazama video za harusi kwenye televisheni. Kesho yake akaja na dada zake. Haukupita muda mlango ukajaa viatu, na Rajab, mtu wa siri, akawa anawapangia majirani viti na kuwaeleza seva ni kitu gani. Hakuna aliyemsikiliza. Hakujali, alijiona waziri.

Alasiri moja Ayoo, akitafuta ngoma za harusi, alibonyeza mahali pasipostahili. Sauti ya Maimunah ikajaa sebuleni, akizungumza na dada yake Sumayiya, aishiye mji wa Bombo:

"Dada, nimeletewa mke mwenza, yuko juu ya kabati, ananguruma usiku kucha. Nimemwambia Baba Uthman kwamba naipenda, lakini mashine yenyewe siiamini. Picha nakutumia wewe, nitunzie kama siku zote."

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Maimunah alitoka jikoni na sufuria mkononi, akasimama hapo hapo. Rajab naye alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wageni.

Walipoondoka, aliketi kuufuta ujumbe ule, hasira zimempanda. Seva ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika kabisa. Baada ya kubonyeza ndipo alipoona kwamba amefuta folda nzima ya familia: harusi, maulidi, mtoto wao Uthman akijifunza kutembea, marehemu mama yake Rajab akipika.

"Umefanya nini?" Maimunah aliuliza.

"Nimesafisha."

Mkewe alitazama kile kioo kilichopasuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Rajab zaidi.

"Kesho nenda Bombo," alimwambia. "Kamuombe mwenyewe."

Akaenda, seva kwapani. Sumayiya alikuwa nazo zote kwenye simu. Alikuwa nazo, na ukoo wake wote ulikuwa umeshazitazama. Shangazi mmoja alimpa Rajab pole ya jino lililong'olewa. Mwingine akasifu pajama yake yenye mistari.

"Shemeji, karibu ukae," Sumayiya alisema huku akizihamisha. "Hii ya mama yako tunaipenda sana. Anapika nini?"

Rajab alitaka kusema hayo ni mambo ya nyumbani kwake. Akaichukua simu, akamtazama mama yake aliyeinamia chungu, macho yameumwa na moshi.

"Mboga ya bamia," alisema. Shangazi wakasogeza mikeka karibu, naye akaanza kuwaeleza mama alivyokuwa akiiunga.